Kutembea Juu ya Barafu: Majuma Matatu Winnipeg

Mji wa Winnipeg, makao makuu ya jimbo la Manitoba nchini Kanada, umekaa pale mto Assiniboine unapoingia katika mto Red, karibu na kitovu cha bara la Amerika Kaskazini. Nchi ni tambarare mfano wa sinia. Sisi watu wa pwani tumezoea kuuona upeo wa macho upande mmoja tu, baharini, pale jahazi linapodidimia hadi ikabaki ncha ya mlingoti. Huko upeo umekuzunguka pande zote nne, nchi kavu tupu, na mwezi wa Januari wote ni mweupe hata hujui ardhi imeishia wapi na mbingu imeanzia wapi.

Tulikwenda kumwangalia binti yetu, ambaye tangu Septemba anasomea urubani katika chuo kimoja kidogo nje ya mji. Chuo hicho hatutakitaja jina, kwa kuwa hatuandiki kukisifu wala kukishitaki. Tangu turudi Mombasa, jamaa na majirani wanatuuliza mambo mawili: baridi ya huko ikoje, na ile ajali ilikuwaje. Kwa hakika hayo mawili ni habari moja, na ndiyo sababu tumeona bora kuyaandika pamoja.

Tuanze na baridi. Siku tuliyoshuka kipimajoto kilisoma nyuzi 27 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haina udugu na baridi ya Limuru, wala na kipupwe chetu cha Julai. Ukivuta pumzi, malaika ya puani hukakamaa. Ukipepesa macho, kope hushikana. Na mvuke utokao kinywani hugeuka sakitu juu ya mtandio, ukawa kama umenyunyiziwa unga. Magari yana waya wa umeme unaoning'inia mbele mfano wa ulimi, na usiku huchomekwa ukutani ili injini isigande. Jua huchomoza saa mbili imekwisha pita na hutua kabla ya saa kumi na moja, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana mbio kama watoto watokao chuoni. Kaskazi, ambayo kwetu ndiyo iliyowaleta mabaharia wa Arabuni na Ghuba, na ambayo mpaka leo hutuletea joto na embe, huko ni upepo wa kufungiwa madirisha.

Wenyeji, hata hivyo, hawajifungii ndani. Mito yote miwili huganda, na watu huifanya barabara: huteleza kwa viatu vya chuma, husukuma vigari vya watoto, hukutana na kuzungumza katikati ya mto kama sisi tunavyokutana Mama Ngina Jumapili jioni. Tulipoalikwa tushuke mtoni, mmoja wetu alishuka. Mwenzake alibaki ukingoni akisema kwamba maji ni maji.

Ugeni wetu haukuwa wa kutokujua mtu kabisa. Winnipeg imepokea wakimbizi na wahamiaji wengi, wakiwamo Wasomali na watu wa Kongo, na dereva wa kwanza aliyetuchukua kutoka uwanja wa ndege alikuwa mtu wa Bukavu. Waislamu nao si wachache. Mwaka 2010, msikiti mdogo ulijengwa hapo Winnipeg, kisha ukabebwa mzima mzima kwa lori na kwa tishari, safari ya kilomita zipatazo 4,000, ukafikishwa Inuvik, mji ulioko kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, ambako siku za kiangazi jua halitui na siku za baridi halichomozi. Tulipokisikia kisa hiki tulidhani tunafanyiwa mzaha. Si mzaha, msikiti ule uko na watu wanasali ndani yake.

Yule ndugu wa Bukavu ndiye aliyetufundisha kutembea. Tuliposhuka garini alituona tunavyokanyaga, kisigino mbele kama tuko Barabara ya Digo, akatusimamisha. "Mama, mutembee kama bata," alisema. Hatua fupi, unyayo mzima chini, uzito wa mwili juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Usigeuke ghafula, usisimame ghafula. Yeye mwenyewe alivunjika kifundo cha mkono mwaka wake wa kwanza, mlangoni pake, akienda kutupa taka. Tunaomba msomaji aliweke akilini somo hilo la bata, maana tutalihitaji mbele.

Kwa nini watu waende kujifunza kuruka katika nchi ya namna hii? Jibu liko katika ule utambarare. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Uingereza na nchi zilizokuwa chini ya taji lake zilikubaliana, mwishoni mwa 1939, kuwafundisha marubani wao Kanada, mbali na mabomu, mahali penye anga pana na ardhi isiyo na milima. Hadi 1945, marubani na wanahewa wenzao zaidi ya 130,000 walikuwa wamehitimu katika mpango huo, wengi wao wakifundishwa kwenye tambarare hizi. Mji wa Brandon, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka Winnipeg, una jumba la makumbusho la habari hizo. Viwanja vingi vya wakati ule vimekuwa mashamba ya ngano. Vingine vimebaki, na vijana wa leo wanaanza safari zao palepale.

Na vijana hao si wanaume peke yao. Kwetu Kenya, tangu Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways awe mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa nahodha wa Boeing 787, maneno ya kwamba kazi hii haina nafasi kwa mwanamke yamepungua nguvu. Binti yetu huvaa visikizio vya redio juu ya mtandio wake, na tulipouliza kama vinakaa, alicheka akasema vinakaa vizuri kuliko kwa wenzake, maana masikio yake hayapati baridi.

Ndege anayojifunzia ni Cessna 172. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Ukienda Wilson, Nairobi, utaziona zimepangwa. Ina viti vinne, injini moja, na mabawa yaliyo juu ya vichwa vya abiria, mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Ikijazwa mafuta na watu, uzito wake ni tani moja na kidogo. Yaani ni nyepesi kuliko matatu tupu, na ina mabawa mapana ya kukamatia upepo.

Asubuhi ya huko huanza saa nzima kabla ya kuruka. Injini hufunikwa blanketi na kupashwa moto kwa umeme. Kisha mwanafunzi hupanda ngazi na kupapasa bawa kwa kiganja, kwani sakitu nyembamba, nyembamba kama chumvi iliyobaki juu ya ngozi baada ya kuoga bahari, yatosha kuliharibia bawa nguvu yake ya kuinua. Sheria ya Kanada inakataza ndege kuruka ikiwa na sakitu, theluji au barafu iliyoganda juu ya mabawa yake. Tulimwona binti yetu akivua glavu na kupapasa, akivaa, akivua tena. Tuliokuwa nyuma ya kioo, na vikombe vya chai mkononi, tulihisi baridi kwa niaba yake.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Mtu angetarajia ajali itokee siku ya baridi kali. Haikuwa hivyo. Katika juma letu la pili hali ya hewa ililainika. Kwa siku mbili kipimo kilipanda kikakaribia sifuri, matone yakadondoka kwenye mapaa, na sisi tukafurahi tukafungua vifungo vya makoti. Wenyeji hawakufurahi. Barafu ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni kavu na ngumu, hukwaruza, na mpira wa gurudumu hupata pa kushika. Barafu iliyokaribia kuyeyuka huwa na utando wa maji juu yake, na huo utando ndio utelezi wenyewe. Usiku wa pili baridi ilirudi kidogo, maji yaliyoyeyuka yakaganda upya, laini kama kioo, na alfajiri theluji chache ikaanguka juu yake ikakifunika kile kioo. Asubuhi kila kitu kilionekana kizuri na cheupe.

Hapa inafaa tueleze kidogo, maana wengi wetu hudhani ndege huanza kuwa na hatari inapoondoka ardhini. Kabla ya kuruka, ndege hutoka pale ilipoegeshwa ikatembea kwa nguvu ya injini yake mpaka kwenye njia ya kurukia. Ikitua hurudi vivyo hivyo. Haiendeshwi na magurudumu kama gari. Inavutwa na rafadha, na rafadha haina kupumzika: maadamu injini inawaka, hata kwa mwendo wa chini kabisa, inavuta, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huizidishia nguvu ya kuvuta. Breki ziko kwenye magurudumu mawili ya nyuma tu, kila mguu wa rubani na breki yake. Gurudumu la mbele hugeuza. Na ule mkia uliosimama wima ni tanga lisilokunjwa. Kwenye lami kavu mambo haya yote hutii. Kwenye barafu, magurudumu hayana neno tena. Linabaki tanga na upepo wake, kama ngalawa iliyopoteza kasia.

Binti yetu alikuwa kiti cha kushoto na mwalimu wake kiti cha kulia. Walitoka uwandani, wakashika kijia kinachoelekea njia ya kurukia. Pande zote mbili za kijia hicho theluji ilikuwa imesukumwa na mitambo ikawa kingo zilizofika kimo cha goti na zaidi, ngumu mfano wa matofali. Upepo ulikuwa ukitoka nyuma, upande wa kushoto. Penye kona walitakiwa wageuke kulia.

Mwendo wao, na hili tunalishuhudia kwa macho yetu, ulikuwa mwendo wa mtu aendaye dukani bila haraka. Akakanyaga usukani wa kulia: gurudumu la mbele likageuka, ndege haikugeuka. Upepo ukausukuma mkia, na pua ikazidi kuelekea kushoto, kule unakotoka upepo, kama bendera ya mlingoti inavyojigeuza. Akakanyaga breki ya kulia: gurudumu likajifunga, likateleza likiwa limejifunga. Mwalimu naye akakanyaga, kisha akavuta kitasa cha kukata mafuta ili injini izimike. Injini ilizimika, lakini rafadha ilikuwa bado haijamaliza mizunguko yake wakati gurudumu la mbele liliposhuka nje ya kijia na pua ikainama juu ya ukingo wa theluji.

Sisi tulisikia sauti moja fupi, kama mtu aliyegonga sufuria kwa mwiko, kisha kimya. Tulidhani wameegesha. Hatukujua kwamba ni ajali mpaka tulipowaona watu wa chuo wanavaa makoti.

Wote wawili walikuwa salama, alhamdulillahi. Aliyeumia ni mwalimu, na aliumia baada ya kushuka: aliweka mguu mmoja chini, mguu ukaondoka, akaangukia kiwiko. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kicheko. Ncha za rafadha zilikuwa zimejikunja kuelekea nyuma, mfano wa majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Kwa mtu asiyejua, ni kama hasara ndogo. Kumbe rafadha ikigonga kitu na injini ikakwama ghafula, injini nzima hufunguliwa na kukaguliwa kipande kwa kipande, kwa sababu ufa usioonekana leo unaweza kuja kujionyesha angani. Ndege ile ilivutwa bandani ikakaa huko muda wote uliobaki wa ziara yetu.

Kilichofuata ndicho kilichotushughulisha zaidi kuliko ajali yenyewe. Tulitazamia sauti za juu. Tulimwona binti yetu akikaa ukumbini, mikono katikati ya magoti, na tulijua uso ule. Ndio uso wake wa tangu utotoni akivunja kikombe. Mwalimu mkuu, mzee mmoja mtaratibu, alikuja na karatasi mbili tupu. Moja akampa mwalimu, moja akampa mwanafunzi, akawaweka vyumba viwili tofauti, akawaomba waandike kila mmoja kwa mkono wake: uliona nini, ulihisi nini, na ni wakati gani kwa mara ya kwanza ulijua kwamba mambo si sawa. Kosa ni la nani, hilo hakuliuliza.

Kisha akavaa buti, akatoka nao wote wawili wakaenda kwa miguu hadi penye kona, hatua za bata. Walichokiona pale kilikuwa wazi. Chumvi inayomwagwa barabarani haimwagwi viwanjani, kwa kuwa hula madini ya ndege. Badala yake hunyunyizwa mchanga. Mchanga ulikuwa umenyunyizwa asubuhi ile, lakini ulikomea kama hatua thelathini kabla ya kona. Taarifa ya utelezi waliyosomewa kabla ya kutoka, ambayo Kanada huitoa kwa tarakimu kuanzia sifuri, lami kavu ikipata 0.8 au zaidi, ilikuwa ya njia ya kurukia. Kijia hakikuwa na tarakimu yake. Upepo ulikuwa umezidi tangu walipousoma. Mambo matatu madogo, kila moja lisiloweza kumdhuru mtu likiwa peke yake.

Na la nne lilikuwa ndani ya karatasi. Binti yetu aliandika kwamba alihisi utelezi mapema, katika mpindo mdogo wa kwanza wa kutoka uwandani. Ndege iliteleza kidogo, kama upana wa kiganja. Hakusema. Alipotusomea sentensi hiyo jioni, kwa Kiswahili, neno alilotumia lilikuwa "niliona haya". Mwalimu alikuwa kimya. Yeye ni mdogo. Akifikiri labda hivyo ndivyo inavyokuwa, na akisema ataonekana mwoga. Na mwalimu, katika karatasi yake, aliandika kwamba yeye pia alihisi utelezi uleule, akanyamaza ili aone kama mwanafunzi ataugundua mwenyewe.

Watu wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega, kila mmoja akijua, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Mzee yule alitueleza kisa kimoja, nasi tunakieleza hapa kwa sababu ni cha kumbukumbu za umma na kinauhusu mji huu. Tarehe 10 Machi 1989, ndege ya shirika la Air Ontario aina ya Fokker F28 ilikuwa ikitoka Thunder Bay kuja Winnipeg, ikapitia Dryden, mji mdogo wa Ontario. Theluji ilikuwa ikianguka. Mtambo mdogo wa mkiani unaosaidia kuwasha injini ulikuwa mbovu, na Dryden hapakuwa na kifaa cha kuwashia. Kwa hiyo rubani asingeweza kuzima injini, na injini zikiwaka haikuruhusiwa kuisafisha ndege ile kwa dawa ya barafu. Wakachelewa zaidi kuingojea ndege ndogo iliyokuwa ikitua. Theluji ikakusanyika juu ya mabawa. Ndani, wapo walioiona: mhudumu aliiona, na miongoni mwa abiria walikuwamo marubani wasio kazini ambao waliiona pia. Neno halikumfikia nahodha. Ndege iliruka, haikupanda, ikaanguka msituni. Kati ya watu 69 walikufa 24.

Jaji Virgil Moshansky alipewa kazi ya kuchunguza. Angeweza kuandika kwamba nahodha alikosea, akafunga faili. Badala yake alifuata kila uzi: mtambo uliokuwa mbovu, shirika lililokuwa na haraka, wakaguzi wa serikali, na ule ukimya wa watu wenye adabu waliodhani kwamba mkubwa bila shaka anajua. Ripoti yake ya 1992 ilitoa mapendekezo 191. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada, iliyoanza kazi 1990, imekatazwa na sheria kumtwisha mtu lawama; kazi yake ni kutafuta lililotokea na kwa nini.

Tulilizungumza jambo hili usiku kucha, sisi wawili. Tumewalea watoto wetu wasimkatize mkubwa neno, na hatuoni aibu kwa hilo. Nyumba isiyo na haya haina paa. Lakini haya ya Kiswahili haijapata kuwa kunyamaza. Baharia mdogo kabisa wa jahazi, akiuona mwamba, hupiga kelele. Hapana nahodha wa Lamu atakayemwambia kwamba amekosa adabu. Kinachotakiwa ni kumfundisha mtoto namna ya kusema: sauti ya kawaida, neno fupi, kwa wakati wake. "Mwalimu, nimehisi tumeteleza." Maneno matatu tu, tena ndani yake umo "mwalimu".

Mombasa hawakungoja tuamue. Saa za Winnipeg ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa, na bibi yake, aliyeko Kuze, alikuwa amekwisha sikia kabla sisi hatujapata chakula cha usiku. "Mwambieni arudi," alisema. "Ndege wa Mungu wenyewe wamehama huko, sembuse mtoto wa watu?" Kwa hili la ndege bibi alisema kweli, mabata bukini wa Manitoba huhamia kusini tangu vuli. Mjomba mmoja akauliza gharama. Ilikuwa hofu yetu pia, maana karo ya chuo hicho tumeilipa kwa kuuza kiwanja. Mkataba ulisema kwamba mwalimu akiwamo ndani ya ndege, hasara si ya mwanafunzi. Tunawaomba wazazi wanaofikiria njia hii wakisome kifungu hicho kabla ya kutia sahihi, na waulize pia siku ngapi za mafunzo hupotea kila mwezi kwa ajili ya hali ya hewa, kwa kuwa siku hizo kodi ya nyumba hailali.

Yeye mwenyewe hakusema kitu kwa siku nne. Alikwenda chuoni, alikaa darasani, alirudi. Usiku wa tano, akiosha vyombo, alituambia kwa mgongo kwamba ameomba somo la kesho lisiwe la kuruka.

Tulikwenda kumtazama. Baridi kali ilikuwa imerejea, nyuzi 22 chini ya sifuri, na barafu ilikuwa kavu. Yeye na mwalimu yuleyule walitoka na ndege nyingine wakatembea. Kutoka uwandani hadi kona, kona hadi mwisho wa kijia, na kurudi. Kila walipoondoka alijaribu breki kwanza, kabla mwendo haujapanda. Mbele ya kila kona alipunguza mapema sana, akaacha ndege ikafika ikiwa karibu kusimama, akageuka kwa duara pana. Mara mbili alisimama kabisa katikati ya kijia, na kwa kupitia kioo tuliweza kuona midomo yake ikisema, na kichwa cha mwalimu kikiitikia. Jaribio la injini, ambalo huhitaji breki zishike wakati rafadha inaunguruma, alilifanya juu ya kipande chenye mchanga, baada ya kukitafuta. Somo lilichukua muda wa saa nzima. Walipolifunga daftari la ndege, katika safu ya muda wa angani waliandika sifuri.

Aliruka tena keshokutwa yake.

Sisi tuliondoka Winnipeg juma lililofuata, asubuhi yenye theluji. Ndege yetu kubwa ilisimamishwa kando, na magari mawili yenye mikono mirefu yakaja kuiosha: kwanza dawa ya moto ya rangi ya machungwa, kisha nyingine nzito ya kijani iliyotambaa juu ya bawa kama shira. Kazi ile ilichukua muda. Abiria wa jirani yetu alitazama saa yake, akaguna, akatazama tena. Halafu tukaanza kutembea kuelekea njia ya kurukia, polepole mno, kona baada ya kona, na mmoja wetu, aliyekaa dirishani, hakuondoa macho yake kwenye ukingo wa theluji mpaka tulipokuwa tumenyooka.